Orodha ya Makabila Si Historia ya Mji: Bagamoyo na Swali la Wakazi Wake

Kada anapopelekwa katika mji mdogo kuchunguza hali ya wananchi, jambo la kwanza analoandika katika taarifa yake ni idadi ya wakazi, na la pili ni makabila yao. Akienda Bagamoyo ataandika kwamba wakazi wa mji huo ni Wazaramo, Wakwere, Wadoe, Wazigua, Washomvi, Wanyamwezi na Wamanyema, na kwamba wapo pia Waarabu, Wahindi na Wabulushi. Kisha ataweka nukta na kuingia katika kilimo, uvuvi na biashara. Aya hiyo ya makabila huonekana kuwa jambo dogo lisilo na ubishi. Imenakiliwa kutoka taarifa moja hadi nyingine, kutoka kitabu cha kuwaongoza watalii hadi kitabu cha historia, na wapo wanafunzi wanaoiandika kabla hawajafika mjini.

Makala hii inakusudia kuihakiki aya hiyo. Tunadai kwamba ndani yake imejificha nadharia nzima ya jamii, na kwamba nadharia hiyo ilitungwa na watu waliokuwa na haja ya kututawala. Kada asiyeitambua ataibeba bila kujua. Na kwa kuwa dawa hufuata jina la ugonjwa, yule anayekosea kuwagawa wananchi katika daftari atakosea pia kuwaongoza katika mkutano.

Tumeichagua Bagamoyo kwa sababu ni mji mdogo ambao historia yake imechunguzwa sana, na kwa sababu karibu kila kundi linalotajwa katika orodha lilifika hapo kwa kazi inayojulikana. Yatakayosemwa juu yake yanaweza kupimwa katika Pangani, Kilwa, Ujiji au mji wowote ambao msomaji anaufahamu.

Nani alianza kuhesabu?

Kuhesabu watu si kosa. Serikali yoyote inayotaka kujenga zahanati na shule lazima ijue watu ni wangapi na wako wapi. Swali ni hili: watu wamegawanywa katika mafungu gani, na kila fungu limewekwa kwa ajili ya nini?

Chini ya utawala wa Waingereza mkazi wa Tanganyika hakuhesabiwa kama mkazi tu. Kwanza aliwekwa katika fungu la wenyeji au la wasio wenyeji. Mwaka 1948 mafungu hayo hayakuhesabiwa hata katika mwezi mmoja: wasio Waafrika walihesabiwa Februari, na Waafrika wakangojea mpaka Agosti. Mwaka 1957 zikafanyika tena hesabu mbili mbali mbali. Mtaa mmoja wa Bagamoyo, ambamo mwenye duka wa Kihindi, hamali anayembebea magunia na mpishi wake walionana kila asubuhi, ulivunjwa karatasini vipande viwili, kila kipande na tarehe yake.

Mgawanyo huo ulikuwa na kazi. Fungu la mtu liliamua alipe kodi ya aina gani, mtoto wake asome shule gani, na kesi yake isikilizwe katika baraza lipi. Gavana Donald Cameron alipoleta sheria ya tawala za wenyeji ya mwaka 1926, ikawa kila Mwafrika sharti awe na kabila, na kila kabila liwe na mkubwa wake anayetambuliwa na Bwana Shauri. Katika miji ya pwani mpango huo ulikwama, kwa sababu watu walikuwa wamezoea kujitambulisha kwa mji, mtaa na ukoo pamoja na kabila. Huko serikali ikaendelea na maliwali na maakida iliowarithi kutoka tawala zilizotangulia. Yaani mkoloni mwenyewe, alipofika pwani, alikuta kwamba daftari lake halilingani na watu waliosimama mbele yake. Hakulitupa daftari; aliwalazimisha watu waingie ndani yake.

Katika siasa matokeo yake yalikuwa dhuluma ya wazi. Miaka ya 1950 viti visivyo vya serikali katika Baraza la Kutunga Sheria viligawanywa sawa kwa Waafrika, Waasia na Wazungu, ilhali hesabu ya mwaka 1957 ilionyesha Waafrika zaidi ya milioni 8.6 na wengine wote pamoja hawafiki 130,000. Huo uliitwa usawa. Usawa wa mafungu uligeuzwa kuwa ukosefu wa usawa wa watu.

Lakini mfano unaofichua zaidi unatoka ng'ambo ya mkondo wa bahari, Unguja na Pemba, ambako wakazi wana udugu wa siku nyingi na watu wa Bagamoyo. Katika hesabu ya mwaka 1924 watu zaidi ya 30,000 waliandikwa kuwa ni Waswahili. Mwaka 1931, miaka saba tu baadaye, walibaki kiasi cha 2,000. Ilipofika mwaka 1948 fungu hilo lilikuwa karibu limetoweka. Hakukuwa na tauni iliyowaua Waswahili, wala hawakupanda majahazi wakahama. Watu walikuwa wale wale, katika nyumba zile zile. Kilichobadilika ni maana ya neno. Jina la Mswahili lilikwisha kuhusishwa na uzao wa utumwa, na serikali ilitoa haki kwa kuangalia asili, basi watu wakajiandikisha Washirazi, Waarabu au jina jingine lililokuwa na heshima na manufaa zaidi. Takwimu zile, zilizochapwa kwa unadhifu mkubwa, zilipima hofu na matumaini ya wananchi mbele ya meza ya karani. Anayezisoma kama kipimo cha damu anajidanganya.

Makundi yaliletwa na kazi

Sasa turudi Bagamoyo tuulize swali ambalo orodha haiulizi: kila kundi lilifikaje, na lilikuwa likifanya nini?

Mapokeo ya Washomvi yanasema wazee wao walitoka Barawa. Walikaa pwani kwa uvuvi, chumvi na biashara. Yanasimulia pia kwamba walipotishwa na maadui kutoka bara walipata msaada wa Wazaramo, na kwa ajili hiyo mapazi wa Wazaramo wakawa na haki ya kupokea sehemu ya mapato ya pwani. Kwa hiyo hata kabla Sultani wa Unguja hajaweka watu wake hapo, Mshomvi na Mzaramo hawakuwa makabila mawili yaliyokaa kimya bega kwa bega kama orodha inavyoonyesha. Walikuwa pande mbili za mapatano juu ya ulinzi na mapato.

Katika karne ya kumi na tisa pembe za ndovu zikaifanya Bagamoyo kuwa mlango wa bara. Wanyamwezi walifika kwa makumi ya maelfu katika misimu ya misafara, wakawa wakazi kwa miezi kadhaa kila mwaka wakingojea mizigo ya kurudi nayo. Mpagazi wa Kinyamwezi aliuza nguvu za mabega yake, na kabla ya reli hakukuwa na nguvu nyingine ya kuvusha mali kutoka Tabora na Ujiji. Waarabu wa Oman walikuja kama wenye misafara, wenye mashamba na maofisa wa Sultani. Wabulushi walikuja kama askari wake. Wahindi walikuja na mtaji: nguo, shanga na nyaya za shaba vilitolewa kwa mkopo, na deni likalipwa kwa pembe. Kwa miaka mingi hata ushuru wa forodha wa dola ya Unguja ulikodishwa kwa kampuni ya mfanyabiashara wa Kihindi, Jairam Shivji. Na watumwa, kutoka Umanyema, Unyasa na kwingineko, waliletwa kwa nguvu. Wengi walivushwa baharini. Wengine walibaki kulima minazi na mtama, kubeba mizigo bandarini na kutumika majumbani. Neno letu la kibarua linatokana na kile kikaratasi alichopewa mtumwa wa pwani aliyepelekwa kufanya kazi ya mshahara wa siku, mshahara aliogawana na bwana wake. Wako pia watoto waliotolewa utumwani wakapokewa na mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu, waliofungua misheni yao mwaka 1868. Walifanyiwa kijiji na kufanyishwa kazi katika mashamba ya misheni.

Tukiyaweka haya pamoja tunaona kwamba katika Bagamoyo ya wakati ule jina la kabila mara nyingi lilikuwa jina la mahali pa mtu katika uzalishaji na ugawaji wa mali. "Mnyamwezi" lilikaribia kumaanisha mpagazi, na "Mhindi" mkopeshaji. Mgeni aliyeandika orodha aliona majina, akasahau mizigo na madeni yaliyoyapa majina hayo uzito.

Hata hivyo tusiishie hapo, kwa sababu ndani ya kila jina mlikuwa na ufa. Miongoni mwa Wanyamwezi alikuwapo mkuu wa msafara mwenye pembe zake mwenyewe, na alikuwapo aliyebeba kwa ujira. Miongoni mwa Waarabu liwali hakuwa sawa na Mshihiri mwenye biashara ndogo ya sokoni. Miongoni mwa Wahindi Sewa Haji Paroo, aliyezipatia bidhaa na wapagazi safari kubwa za bara, hakuwa sawa na karani aliyeandika vitabu vyake. Na Sewa Haji huyo huyo, bepari asiye na shaka, mwaka 1896 alitoa jengo la shule Bagamoyo kwa sharti kwamba lipokee watoto bila ubaguzi wa rangi, wakati serikali ya Wajerumani ilipokuwa ikitawala kwa misingi ya rangi. Ukimweka katika fungu la "Wahindi" na kufunga daftari, hutaelewa utajiri wake wala sadaka yake.

Vita vya 1888: orodha yashindwa mtihani

Nadharia hupimwa na matukio. Mwaka 1888 kampuni ya Wajerumani ilipojaribu kuchukua mamlaka ya pwani, watu waliinuka kutoka Pangani na Saadani mpaka Kilwa na Lindi, na Bagamoyo ikawa moja ya viwanja vya vita. Serikali ya Bismarck iliyaita mapambano hayo "uasi wa Waarabu". Jina hilo halikuteuliwa kwa bahati mbaya. Kwa kuyafanya kuwa ya Waarabu, na kwa kuwafanya Waarabu wote kuwa wauza watumwa, Wajerumani waliweza kuiuza vita ya ukoloni huko Ulaya kama vita ya kukomesha utumwa. Mwezi Januari 1889 Bunge lao likaidhinisha maki milioni 2. Askari wa Hermann Wissmann waliotumwa kulinda jina hilo la ustaarabu walikuwa kwa sehemu kubwa Wasudani walioandikishwa Misri na watu wa kusini ya Msumbiji.

Nani walipigana? Abushiri bin Salim alikuwa Mwarabu, ni kweli, na alikuwa pia adui wa siku nyingi wa nyumba ya Sultani. Bwana Heri wa Saadani alikuwa mtawala wa Kizigua. Nyuma yao walikuwapo majumbe wa miji, watu wa bara waliokuwa wakifika kwa misafara, vibarua na watumwa. Jonathon Glassman, katika kitabu chake Feasts and Riot cha mwaka 1995, ameeleza kwa kina kwamba umati huo ulikuwa na madai yake mwenyewe: haki ya kuhesabiwa kuwa watu wa mji, kushiriki sherehe zake, kuondokana na dharau ya wakubwa. Mara kwa mara umati uliwatangulia viongozi, na viongozi wakaogopa wafuasi wao kuliko walivyomwogopa Mjerumani. Wengine wakapatana naye.

Tazameni sasa, ndugu, namna orodha inavyoshindwa. Ukiuliza "kabila gani liliinuka?" utapata jibu la Bismarck. Ukiuliza "nani alikuwa akipoteza ushuru, nani mamlaka, nani alikuwa akidai heshima?" historia inaanza kusema. Abushiri alinyongwa Pangani Desemba 1889, lakini jina walilolipa vita vyake lilidumu katika vitabu kwa vizazi kadhaa.

Mahali walipopotelea watumwa

Lipo jambo moja ambalo orodha ya makabila inalifuta kabisa, nalo ni utumwa. Wajerumani hawakuukomesha mara moja, licha ya kelele zao za 1889. Waliamuru tu kwamba watoto wa watumwa watakaozaliwa baada ya mwisho wa mwaka 1905 wawe huru. Ukomeshaji wa kisheria katika Tanganyika ulikuja mwaka 1922, chini ya Waingereza. Basi mzee aliyehesabiwa mwaka 1948 Bagamoyo akiwa na miaka hamsini huenda alizaliwa mtumwa. Yuko wapi katika takwimu? Ameandikwa Mmanyema, au Mnyasa, au Mzaramo, au amechukua jina la kundi la waliokuwa mabwana zake. Tendo hilo kwake lilikuwa ushindi. Alikuwa akijivika uungwana alionyimwa. Lakini mtafiti anayesoma jina tu anaukuta mji usio na watumwa wala mabwana, mji wa makabila yaliyoishi kwa amani.

Historia ya Sheikh Yahya bin Abdallah, maarufu Sheikh Ramiya, inatufundisha pande zote mbili. Alitoka Umanyema akiwa mtoto, akaletwa Bagamoyo kama mtumwa katika nyumba ya liwali Amir bin Sulaiman wa ukoo wa Lamki. Alisoma, akafanya biashara, akafungua madrasa, na akawa kiongozi wa tarika ya Kadiria aliyefuatwa na watu wa mbali na mji wake. Alipofariki mwaka 1931 mwanawe Muhammad alishika nafasi yake, na baadaye akawa upande wa TANU katika kupigania uhuru. August Nimtz, katika uchunguzi wake uliochapishwa mwaka 1980, ameonyesha jinsi tarika hiyo ilivyowakusanya watu ambao misikiti ya wakubwa iliwatazama kwa jicho la pembeni, na jinsi mtandao wake ulivyosaidia siasa ya ukombozi.

Hapa pana funzo kwa kada. Chama cha uhuru hakikuenea Bagamoyo kwa kupita kabila hadi kabila. Kilipita katika njia ambazo wanyonge walikwisha jijengea wenyewe: madrasa, ngoma, vyama vya kuzikana, soko. Aliyezijua njia hizo aliujua mji. Wakati huo huo tusisahau kwamba kupanda kwa mtu mmoja hakukuwapandisha wote. Sheikh aliyetoka utumwani ni ushahidi wa uwezo wa watu. Hauthibitishi kwamba ngazi ilikuwa wazi kwa kila mtu.

Makosa mawili ya kuepuka

Baada ya kuikataa orodha ya mkoloni, wako wanaoangukia makosa mapya. Tutayataja mawili.

Kosa la kwanza ni la wale wanaosema: "Bagamoyo ni mji wa mchanganyiko, wote walikuwa Wabagamoyo." Katika kitabu chake cha mwaka 2019 Steven Fabian ametoa hoja yenye nguvu kwamba wakazi wa asili mbali mbali walijenga pamoja utambulisho wa mji wao, na kwamba mafungu ya kabila na rangi hayatoshi kuueleza. Hoja hiyo ni msaada mkubwa dhidi ya daftari la mkoloni, na tunaipokea. Lakini msomaji mvivu ataichukua na kuifanya wimbo wa kuwaburudisha wageni: pwani yenye ukarimu, tamaduni zimekutana, milango imechorwa vizuri. Mchanganyiko ni neno la mpishi. Halisemi nani alikuwa moto na nani alikuwa kuni. Kuwa mtu wa mji kulikuwa na bei, na bei hiyo haikuwa moja kwa liwali, kwa mkopeshaji na kwa mpagazi aliyelala kambini nje ya mitaa ya mawe. Lugha ya mji wenyewe ilikuwa imejaa ngazi: mwungwana na mtumwa, mstaarabu na mshenzi. Umoja wa Bagamoyo ulikuwapo, lakini ulijengwa katika mvutano, na kila mnyonge aliyeingia ndani yake aliingia kwa kusukumana.

Kosa la pili ni la upande wetu hasa, la wale wanaosema: "Kabila ni kasumba ya mkoloni, yapo matabaka tu, tusiulize zaidi." Hii ni siasa ya kukariri. Ni kweli kwamba msingi ni mali na kazi, lakini watu huishi msingi huo kupitia majina, ndoa, makaburi, misikiti, makanisa na matusi. Neno la dharau juu ya asili ya babu ya mtu laweza kuvunja posa leo, miaka mia moja na zaidi baada ya 1922. Kada anayejibu kwamba jambo hilo halipo kwa sababu halimo katika nadharia amewaachia wachochezi uwanja. Wao wanajua lipo, na watalitumia. Kasumba haiondoki kwa kukanwa. Huondoka kwa kuonyeshwa ilikotoka na nani anafaidika nayo.

Taifa lilijibuje?

Msimamo wa harakati za uhuru juu ya jambo hili haukuwa mwepesi, na haukupatikana bila mabishano. Katika mkutano wa Tabora wa Januari 1958 TANU ilikubali kuingia katika uchaguzi wa kura tatu, ambapo kila mpiga kura alilazimika kuchagua Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Wengine waliona huo ni usaliti na wakajitoa. Chama kiliingia katika mafungu ya mkoloni ili kuyavunja kutoka ndani, na kwa kuwa wagombea wa mafungu yote walioungwa mkono na TANU walishinda, mafungu yakapoteza maana. Mwezi Oktoba 1961, ulipojadiliwa muswada wa uraia, Julius Nyerere alikataa katakata uraia wa rangi na akaweka uongozi wa serikali yake rehani kwa ajili ya msimamo huo. Mwaka 1962 mifumo ya shule ya rangi mbali mbali iliunganishwa. Na baada ya hesabu ya watu ya mwaka 1967, serikali iliacha kuwauliza wananchi wa Bara kabila na rangi zao katika sensa. Sensa ya mwaka 2022, iliyohesabu watu 61,741,120 Tanzania nzima, nayo haikuuliza kabila.

Tofauti ya kinadharia inaonekana vizuri tukilinganisha matukio mawili yaliyokaribiana. Mwaka 1971 Tanzania ilipitisha sheria ya kutwaa majengo. Ilihusu majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Wengi wa walioguswa walikuwa wenye asili ya Kiasia, na mitaani watu walisema "nyumba za Wahindi zimechukuliwa". Lakini sheria yenyewe iliuliza: jengo lina thamani gani, na mwenyewe anaishi humo au anapangisha? Mwaka uliofuata Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 za kuondoka. Yeye aliuliza: wewe ni wa asili gani? Msomaji anaweza kuihakiki sheria ya 1971, namna ilivyotekelezwa na namna majengo yale yalivyotunzwa baadaye. Lakini maswali yale mawili hayafanani. La kwanza linamtazama mtu kwa uhusiano wake na mali, na mtu anaweza kubadili uhusiano huo. La pili linamhukumu kwa jambo asiloweza kulibadili, na likisha kupewa ruhusa halimwachi mtu yeyote salama, kwa sababu kila mtu ni mgeni mahali fulani.

Nani mwenyeji leo?

Kuondoa swali la kabila katika sensa kulikuwa sahihi. Hata hivyo ukimya wa sensa si uchambuzi. Swali ambalo dola haiulizi linaendelea kuulizwa mitaani, hasa thamani ya ardhi inapopanda.

Bagamoyo imepitia mabadiliko mengi tangu makao makuu ya Wajerumani yalipohamishiwa Dar es Salaam mwaka 1891. Reli ya Kati iliyoanzia Dar es Salaam iliua misafara, na mji ukadidimia. Wajukuu wa wapagazi wakawa wakulima na wavuvi. Miaka ya 1970 shule ya FRELIMO iliweka hapo vijana wa Msumbiji waliokuwa katika mapambano. Chuo cha Sanaa kilichoanzishwa mwaka 1981 kilileta wanafunzi na walimu kutoka pembe zote za nchi. Barabara ya lami imeusogeza mji karibu na Dar es Salaam. Mwaka 2013 yakatiwa saini makubaliano ya kujenga bandari kubwa, mradi ambao baadaye ulisimama, lakini habari zake zilitosha kuwafanya watu wa mbali watafute viwanja.

Katika hali kama hiyo maneno "mwenyeji" na "mgeni" hupata makali mapya. Tuyachunguze kwa makini, kwa sababu humo ndimo hatari iliyopo. Mara nyingi anayeitwa mgeni ni mkulima au mvuvi maskini aliyekaa miaka thelathini, ambaye jina la kabila lake linasikika kuwa la mbali. Tajiri aliyenunua ekari nyingi kutoka mjini haitwi mgeni, anaitwa mwekezaji. Na wakati mwingine anayesema kwa sauti kubwa kwamba ardhi ni ya wenyeji ndiye aliyewahi kuiuza. Kelele ya kabila inamziba macho mwananchi asione ekari ziko mikononi mwa nani. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 haitambui ardhi ya kabila. Inamtambua mwanakijiji na halmashauri ya kijiji chake. Kada asiyeweza kuwaeleza wanakijiji jambo hilo hadharani, kabla ugomvi haujaanza, atakuja kulieleza polisi baada ya ugomvi kwisha.

Basi taarifa ya kada juu ya mji mdogo iandikweje? Asiyafute makabila, ayaandike, lakini kila jina alifuatanishe na maswali yake. Watu hawa walifika lini, na kwa kazi gani? Leo nani anamiliki mashamba ya minazi, mashua, nyavu, maduka na nyumba za kupangisha, na nani anafanya kazi kwa nani? Nani anakaa katika baraza la kijiji na kamati ya soko, na nani hajawahi kukaa? Wananchi wanazikana na nani, wanaoana na nani, na ni wapi posa hukataliwa? Neno "mgeni" linatumika lini, juu ya nani, na nani anapata faida linapotumika? Mkazi mwenyewe anajiitaje, na alijiitaje baba yake?

Kwa maswali hayo orodha itapoteza unadhifu wake. Majina yataingiliana, mtu mmoja atahitaji mistari mitatu, na baadhi ya wakubwa wa mji watauliza kwa nini mambo hayo yanachimbwa. Swali lao nalo liandikwe katika taarifa, pamoja na majina ya mali wanazomiliki.